Kisu cha Vidole Vitatu

Mwanaume akisimama mbele ya turubai langu kununua kisu cha kukunja, huwa najua atakachofanya kabla hajainama. Macho yatavipita vile vidogo kama havipo. Mkono utakwenda moja kwa moja kwenye kile kirefu kuliko vyote. Atakifungua, atakifunga, atakifungua tena, kisha atageuza shingo kuona nani anamtazama. Wengine huchoma hewa. Nikiuliza, "Kaka, cha kazi gani?" najibiwa, "Cha matumizi tu." Matumizi! Mtu ambaye tangu asubuhi hajakata kitu kigumu kuliko chapati anataka kisu cha kuchunia nyati.

Hiyo ndiyo biashara yangu: visu, makufuli, tochi, tupa, nyembe, sindano za kushonea magunia. Natandika turubai kwenye magulio, leo Nachingwea, keshokutwa Ruangwa, siku nyingine Nanganga au Mandawa, mzigo umefungwa nyuma ya pikipiki na vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Wageni husimama kushangaa mwanamke anauza visu. Mimi nawashangaa wanaume wanaovinunua, na mpaka leo sijamaliza kuwashangaa.

Msimu wa korosho ndio mbaya kuliko yote. Wakulima wakishalipwa tu, visu vinarefuka. Mtu aliyeishi mwaka mzima kwa kuazima kisu cha mkewe anakuja kifua mbele, anataka chenye meno ya msumeno mgongoni. Kijana mmoja wa bodaboda pale Ruangwa alinunua cha namna hiyo. Nikamuuliza msumeno ni wa nini. "Huwezi jua, mama, mambo ya safari haya." Wiki iliyofuata nilimkuta stendi anahangaika na kamba ya mzigo iliyokaza, anaazima kijikisu cha muuza machungwa. Kile chake kiko wapi? Amekiacha nyumbani. Hakikai mfukoni, akikaa kwenye pikipiki kinamchoma paja. Nilicheka mpaka nikaketi kwenye mzigo wangu.

Sasa nawaambia wote kitu kilekile, na wote hawasikii. Kazi za kisu cha mfukoni ni ndogondogo. Kukata kamba ya gunia. Kumenya embe na muhogo. Kutoa mwiba kwenye kisigino. Kuchuna waya wa chaja. Kukwangua nyama ya bibo iliyoganda kwenye korosho. Kuchinja kuku wa mgeni aliyekuja bila taarifa. Katika kazi zote hizo hakuna hata moja inayotaka makali marefu kuliko upana wa mkono wako. Unganisha vidole vinne, vilaze juu ya bapa. Kama bapa limezidi vidole, rudisha. Ncha ikienda mbali sana na kidole gumba, kisu ndicho kinachokuongoza wewe. Vidole vinne, basi. Nimelisema hilo kwenye magulio mpaka wauza mitumba wa jirani wananiigiza sauti.

Na vile vidogo vya kuning'inia kwenye funguo, wanavyovipenda watu wa maofisini, navyo sivitetei. Hivyo ni vya kukwangulia kucha kwenye kikao. Mtu mzima, ana tai, anatoa kitu chenye bapa kama ukucha wa paka ili afungue bahasha, na bahasha inamshinda.

Jambo moja zaidi, kwa sababu wanunuzi kutoka mbali hulichukulia kuwa ni kiburi. Kisu sikupi mkononi. Huku kwetu hatupokezani kisu mkono kwa mkono, kwa sababu waliopokezana watakuja kugombana. Mimi nakiweka chini, wewe unakiokota mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyonifundisha baba yangu, na nimeshika mpaka leo, hata kwa mnunuzi aliyenyoosha mkono na kununa.

Baba anakaa Marambo. Alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa kijana, yeye na wazazi wake, wakalima kwa watu kabla ya kupata shamba lao. Kiswahili chake ni cha sokoni na msikitini. Akikutana na wazee wenzake ni Kimakua kitupu na kicheko. Nilipokuwa mdogo, raha yangu kubwa ilikuwa kumwona anamenya chungwa. Ganda lilikuwa linashuka utepe mmoja, mrefu, bila kukatika, halafu analiweka kichwani kwangu kama kilemba. Alikuwa anafanya hivyo bila hata kulitazama, huku anaongea na mtu mwingine.

Kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Mkono, mguu, na kona ya mdomo. Maneno yalirudi baada ya muda. Mkono haukurudi, na mguu ukabaki kitu cha kuburuzwa.

Hospitali walituambia ale matunda, ale nyama, ale vitu vya kutafuna apate nguvu. Mama yangu mdogo, yaani mke aliyemwoa baada ya mama kufariki, akammenyea chungwa la kwanza, akalikata vizuri, akamwekea kwenye sahani. Baba akaitazama sahani, kisha akaisukuma pembeni.

"Mimi simenyewi chungwa," akasema.

Tulidhani ni hasira za siku moja. Haikuwa hivyo. Embe, hataki. Muhogo, hataki. Nyama iliyokatwa na mtu mwingine, hataki. Chochote kilichopitiwa na kisu cha mtu mwingine kwa ajili yake hakikuingia mdomoni mwake. Alikunywa uji, na hata uji aliunywa akiwa ameupa ukuta uso, kwa sababu mkono uliobaki hai ulikuwa wa kushoto, naye ni mtu wa msikiti, hajawahi kula kwa mkono huo maisha yake yote. Mwalimu wa madrasa alikuja kumweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa. Baba akamshukuru, akamwombea dua, akaendelea kutazama ukuta.

Akakonda. Shingo ikabaki mishipa. Mama mdogo alikuwa ananipigia simu nikiwa katikati ya wateja, analia, na mimi nashika simu kwa bega huku nikimwonyesha mjinga mmoja kwamba kisu si panga. Nilielewa vizuri kilichokuwa kinatokea. Baba angekufa si kwa kiharusi, bali kwa kukataa kumenyewa.

Kisu chake cha zamani kilikuwepo, lakini kilikuwa na springi ngumu mgongoni, cha kufungua kwa ukucha wa mkono mmoja huku mwingine umeshika mpini. Siku moja mama mdogo alimkuta ameking'ata, anajaribu kukifungua kwa meno. Kilifunguka, kikampasua mdomo. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kola ya shati. Mama mdogo akakificha kwenye debe la mahindi, wala hakuniambia mpaka zilipopita siku kadhaa.

Nilimweleza mdogo wangu wa kiume, aliyeko Dar. Huyu ni mtu mwenye huruma nyingi kwenye simu. Tangu baba augue alikuwa hajakanyaga Marambo, lakini ujumbe wa sauti alituma kila Ijumaa, "pole mzee wetu, tuko pamoja," na nyuma yake unasikia muziki. Nikamwambia baba anahitaji kisu anachoweza kukifungua kwa mkono mmoja. Akasema niachie mimi.

Kikaja kwa basi, kimefungwa kwenye boksi, nikakipeleka Marambo. Nilipokifungua nilikigeuza pande zote, maana hata mimi, pamoja na upuuzi wote ninaouuza, sikuwahi kuuza kitu kama kile. Bapa lilikuwa jeusi, refu kuliko kiganja changu na vidole vyake. Kilikuwa na kitufe. Ukibonyeza kinaruka chenyewe. Kwenye mpini kulikuwa na chuma cha kuvunjia kioo cha gari na ndoana ya kukatia mkanda wa kiti. Baba hana gari. Baba hana hata baiskeli. Mwishoni kabisa walikuwa wameweka dira, nadhani ili asipotee kati ya mkeka na choo.

Nikampigia. "Sista, hiyo ni mashine," akasema, anafurahi kweli. "Wanajeshi ndio wanatumia. Mzee wetu anastahili kitu cha maana."

"Unampeleka vitani?"

"Ah, sista nawe. Mwelekeze tu, atazoea."

Ningekirudisha kwa basi lilelile, lakini mama mdogo alikuwa ameshakiweka kwenye mkeka, mbele ya baba, na baba alikuwa ameshakiokota. Zawadi ya mtoto wa kiume ni zawadi ya mtoto wa kiume. Akabonyeza kitufe. Kisu kikaruka, kikamtoka mkononi, kikaanguka kwenye mguu wa kulia, kikamchana kidole. Baba hakushtuka. Hakusikia chochote. Alikuwa anakitafuta kisu kwenye mkeka huku damu inamtoka, na sisi tuliokuwa na miguu mizima ndio tuliopiga kelele.

Hapo ndipo nilipojua hatari yenyewe. Mtu mwenye nusu ya mwili isiyosikia, ukimpa makali marefu, anaweza kujichinja bila habari. Mama mdogo alichukua ile mashine akaipeleka jikoni, na huko ikapata kazi: inakwangua ukoko wa sufuria, na kwa hilo nakiri inafaa sana. Mdogo wangu alipouliza kama mzee anakitumia, nilimjibu kwamba kinatumika kila siku.

Basi nikajitwisha mwenyewe. Si mimi ndiye mjuzi? Si mimi ninayewahubiria wanaume wa wilaya mbili? Nilichagua kwenye mzigo wangu kisu kizuri, mpini wa mbao, bila springi kali, bapa vidole vinne kamili, nikakitia makali kwa tupa ndogo mpaka kikawa kinanyoa malaika mkononi. Nikaenda nacho Marambo nikiwa na machungwa kwenye mfuko na uso wa mtu aliyeshamaliza kazi. Nikakiweka kwenye mkeka.

Baba alikiokota, akakigeuzageuza. Nikamfungulia, hilo nalo akalichukia, lakini akavumilia. Kisha akajaribu kumenya. Mkono wa mtu anayemenya hushika kisu kwa vidole vinne, na kidole gumba hukaa mbele, juu ya chungwa, kinayapokea makali. Gumba la baba halikufika. Bapa lilikuwa limekwenda mbele, ncha inatangatanga, na mkono wa pili wa kushikilia chungwa haukuwepo. Chungwa likateleza, likabiringika uani mpaka kwa kuku. Akajaribu la pili. Nalo likaenda.

"Hiki kisu cha watu wa mikono miwili," akasema.

"Ndicho kipimo, baba. Vidole vinne."

"Vya nani?"

Nikakasirika. Nilimkasirikia yeye, mzee mgonjwa, kwa sababu ameharibu sheria yangu iliyonilisha miaka yote hiyo. Niliokota machungwa yangu kwenye vumbi, nikampa mkono wa kuaga, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa najibizana naye kichwani. Vidole vya nani, eti. Vya kila mtu! Nilipofika Nachingwea nilikuwa nimeshashinda mabishano mara nyingi, lakini baba alikuwa bado hajala.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaona kwamba nimefanya kilekile alichofanya mdogo wangu, tofauti ni urefu tu. Yeye alimchagulia kisu cha askari, mimi nikamchagulia cha mteja. Hakuna aliyemwambia baba achague.

Gulio lililofuata sikwenda. Nilifunga mzigo mzima, nikaupeleka Marambo, nikatandika turubai uani mbele ya mkeka wake, nikapanga visu vyote kama ninavyovipanga sokoni, virefu nyuma, vifupi mbele. Nikakaa upande wangu wa muuzaji.

"Karibu, mzee," nikamwambia. "Chagua."

Alinitazama. Kona ya mdomo iliyobaki nzima ikapanda kidogo. Kisha akaanza, na naapa sijawahi kupata mteja msumbufu kama yule. Vile virefu alivisukuma kwa nyuma ya mkono, kimoja baada ya kingine, bila hata kuvifungua, na usoni alikuwa na dharau ninayoifahamu. Nikajua nimeirithi wapi. Cha msumeno alikiinua, akaniuliza, "Hiki watu wananunua?" Nikasema wananunua. Akatikisa kichwa akakitupa. Cha funguo alikipuliza, kikahama kwenye turubai. Cha vidole vinne, kile kizuri changu, alikigusa, akakiacha.

Nusu ya asubuhi ilipita. Mama mdogo alileta chai, ikapoa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwelekeza na niliyameza yote, kazi nzito kuliko kubeba mzigo.

Mwisho aliokota kimoja kilichokuwa pembeni, mpini wa mti umepauka kwa jua, kimekaa kwenye turubai langu muda mrefu kwa sababu hakuna mwanaume aliyewahi kukiinamia. Akalaza vidole vya mkono wa kushoto juu yake. Vitatu. Gumba lake likafika mbele ya ncha, likatulia hapo.

Kukifungua je? Nilitaka kunyoosha mkono, nikajizuia. Baba alichukua kile kisu, akakisukuma chini ya paja lake la kulia, lile lililokufa, zito kama gunia la mchanga. Paja likaubana mpini. Akashika bapa kwa vidole vya kushoto, akavuta, likatoka taratibu. Na kwa kuwa lilikuwa fupi, halikufika paja la pili. Mguu ambao kwa miezi yote hiyo ulikuwa wa kuburuzwa tu ulikuwa umepata kazi. Mama mdogo aliweka mkono mdomoni.

"Kinu," akasema baba.

Mama mdogo akaleta kile kikubwa cha kutwangia mahindi. Akakataa, alitaka kile kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Kikaletwa, akakiweka katikati ya miguu, akalikandamiza chungwa mdomoni mwa kinu likakaa imara. Halafu akaanza kumenya.

Haukuwa utepe. Siwezi kudanganya. Ganda lilitoka vipande vipande, vingine na nyama yake, juisi ikamwagikia kikoi, na kila baada ya muda alilazimika kuliinua chungwa, kuligeuza na kulikandamiza upya. Alikuwa anatoka jasho. Ulimi ameutoa pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Ningelimenya lile chungwa mara kumi katika muda ule, na nilikalia mikono yangu.

Lilipokwisha lilikuwa baya, limejaa mashimo, upande mmoja ni mweupe na mwingine umekatwa mpaka mbegu zinaonekana. Baba alilitazama kwa muda. Akalikata katikati. Nusu moja akaila palepale, kwa mkono wa kushoto, uso ukiwa uani, mbele yetu sote na mbele ya mpita njia aliyekuwa anatoa salamu. Akaitikia salamu mdomo umejaa.

Kisha akaichukua nusu ya pili, akaninyooshea.

Mimi ni bibi, nina wajukuu. Tangu niache kuvaa maganda kichwani, hakuna mtu aliyewahi kunimenyea kitu. Mimi ndiye ninayewamenyea, na ninayewauzia visu, na ninayewacheka. Nilisogea kwenye mkeka.

"Pokea, mama," akasema baba. "Samahani kwa mkono wa kushoto."

Nikapokea kwa mikono yangu yote miwili.